Ng'ombe halemewi na nunduye, je, gari? Historia ya gari la haidrojeni la kilo 857

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu kazi ya watu ilinibana, na mwenye kulipa ndiye husikizwa kwanza :-) Leo nimepata nafasi, kwa hiyo jipatieni chai, maana makala ni ndefu kidogo.

Kwa wageni: mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta na nakaa Mariakani. Kawaida hapa huwa tunazungumza juu ya programu, simu na mitandao. Leo nataka tuzungumze juu ya gari moja ambalo halikuwahi kuuzwa kwa mtu yeyote, na pia juu ya magari mengine ya kwetu Afrika Mashariki yaliyopita njia hiyo hiyo. Mwisho wake nitawaambia kwa nini jambo hili linamhusu hata mtu asiye na gari.

Mtu akikaa Mariakani hawezi kuzikwepa habari za uzito. Hapa ndipo ilipo mizani ya malori kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Mchana na usiku malori yanapanga foleni, dereva anaingia polepole, na tarakimu zinasoma tani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la ekseli saba kufika tani 56, na si zaidi. Hizo tani 56 ni lori lenyewe pamoja na mzigo. Maana yake ni rahisi: kila kilo ya chuma iliyo kwenye lori ni kilo ya saruji au ya mahindi ambayo haitabebwa. Wenye malori wanaijua hesabu hiyo kwa moyo.

Lakini magari madogo hayapiti kwenye mizani, na labda ndiyo sababu hatujiulizi. Chukua gari la kawaida la kilo 1,400 na dereva wa kilo 70 akiwa peke yake. Dereva ni karibu asilimia 5 tu ya uzito wote. Injini ya petroli nayo inageuza takriban robo tu ya mafuta kuwa mwendo. Kinachobaki ni joto linalopotea. Ukizidisha asilimia hizo mbili unapata kwamba katika kila shilingi 100 ya petroli, kama shilingi moja hivi ndiyo inayomsogeza binadamu. Zilizobaki zinasogeza chuma na kupasha hewa joto.

Wazee wetu walisema ng'ombe halemewi na nunduye. Kwa ng'ombe ni kweli. Gari hulemewa sana.

Gari la kilo 857

Huko Marekani, katika jimbo la Colorado, kuna taasisi inayoitwa Rocky Mountain Institute. Mmoja wa waanzilishi wake, mwanafizikia Amory Lovins, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuhubiri jambo moja: kabla hujabadilisha mafuta ya gari, punguza uzito wake. Mwaka 1999 wazo hilo likazaa kampuni, Hypercar, na mwaka 2000 kampuni hiyo ikaonyesha gari lake la mfano likiitwa Revolution.

Lilikuwa krosova, yaani gari lililoinuka kama yale ya barabara mbaya lakini linaloendeshwa kwa ulaini kama saluni. Watu watano na mizigo yao waliingia. Bodi yake ilikuwa ya nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa plastiki, ikiwa na sehemu kuu 14 tu. Uzito wake wote ulikuwa kilo 857, karibu nusu ya magari ya ukubwa wake wakati ule. Halikuwa na injini ya petroli. Lilikuwa na seli ya haidrojeni ya kilowati 35 ikisaidiwa na betri, na mitungi yenye kilo 3.4 za haidrojeni. Kwa kilo hizo 3.4 lilikusudiwa kwenda kilomita 530.

Hebu tulete hapa nyumbani. Kutoka Mariakani hadi Nairobi ni kama kilomita 450. Kwa kilo tatu na kitu za gesi ungefika Nairobi na ukabakisha ya kuzungukia mjini, na kinachotoka kwenye ekzosi njia nzima ni mvuke wa maji.

Siri ilikuwa nini? Wahandisi wake walianza na uzito, halafu kila kitu kingine kikafuata. Bodi ikiwa nyepesi, mota ndogo inatosha. Mota ikiwa ndogo, breki na springi zinapungua. Hivyo vikipungua, bodi haihitaji kuwa imara vile kubeba hivyo vyote, basi inapungua tena. Wanaoandika programu watanielewa haraka: ukifuta mistari mia ya msimbo usiohitajika, mara unagundua maktaba tatu nzima ulizokuwa ukizibeba kwa ajili ya mistari hiyo.

Faida ya wepesi inaonekana zaidi kwenye barabara yetu hii kwa sababu ni mlima mrefu. Toka hapa hadi Nairobi unapanda takriban mita 1,450 kwenda juu. Kuinua tani moja urefu huo kunahitaji yuniti 4 hivi za umeme, zile zile unazonunua kwa tokeni. Tani mbili ni yuniti 8. Hapo bado hujahesabu upepo wala msuguano wa matairi. Hesabu hii haijali kama gari ni la petroli, la betri au la haidrojeni. Uzito unalipiwa tu.

Haidrojeni ilitoka wapi?

Wengi hudhani seli ya haidrojeni ni teknolojia ya juzi. La hasha. Mwaka 1839 William Grove, mwanasheria na mwanasayansi kutoka Wales, alionyesha kwamba ukizikutanisha haidrojeni na oksijeni kwa namna maalumu, unapata umeme na maji. Ni kinyume cha lile jaribio la darasani ambapo mwalimu anapitisha umeme kwenye maji na mapovu ya gesi yanatoka. Grove aliendesha jaribio hilo kurudi nyuma.

Ndani ya seli hiyo hakuna moto. Haidrojeni inaingia upande mmoja, inavuliwa elektroni zake, elektroni zinalazimika kuzunguka kupitia waya (huo ndio umeme wako), kisha upande wa pili vyote vinakutana na oksijeni na kuwa maji. Katika miaka ya 1960 na 1970 vyombo vya Apollo vilivyoenda mwezini vilipata umeme kwa njia hiyo, na wanaanga wakanywa maji yaliyotokana nayo.

Mwaka 1966 kampuni ya General Motors ikajaribu kuiweka kwenye gari. Walichukua van ya kawaida, wakaiita Electrovan. Ilitembea, naam. Lakini matangi, mabomba na mitambo ya seli vilijaza nyuma yote hivi kwamba gari lililofaa kubeba watu sita likabaki na viti viwili. Uzito wake ulifika zaidi ya tani 3. Halikutoka kwenye maeneo ya kampuni yenyewe.

Sasa unaona kwa nini Revolution lilikuwa wazo zuri. Haidrojeni ina nguvu nyingi kwa kilo, lakini ni gesi nyepesi mno. Bila kuibana sana inachukua nafasi kubwa kupita kiasi. Mitungi ya Revolution ilikusudiwa kuibana hadi kama mara 150 ya presha ya tairi la kawaida. Gari zito lingehitaji mitungi mikubwa mno. Gari jepesi linatosheka na midogo. Wepesi ndio uliofanya hesabu ya haidrojeni ikubali.

Kwa nini basi hatuyaoni barabarani?

Kwa sababu lile Revolution lililoonyeshwa lilikuwa umbo kamili la nje na ndani, lakini halikuwa gari la kuendesha. Gari lenyewe lilikuwa ndani ya kompyuta: michoro, hesabu za nguvu, hesabu za mgongano, hesabu za gharama. Kazi ilifanywa kwa umakini mkubwa, siidharau hata kidogo. Lakini hakuna kampuni kubwa iliyokubali kulitengeneza. Mwaka 2004 Hypercar ilibadilisha jina ikawa Fiberforge, ikaacha habari za gari zima, ikashika jambo moja: mtambo wa kutengeneza vipande vya nyuzi za kaboni haraka na kwa bei nafuu. Tatizo halisi lilikuwa hapo tangu mwanzo. Bati la chuma linagongwa na mashine mara moja likawa mlango. Kipande cha kaboni wakati ule kilihitaji muda na mikono ya mafundi. Ukitaka kutoa magari laki moja kwa mwaka, hiyo ndiyo tofauti ya kufa na kupona.

Hapa niwape kisa changu. Miaka michache iliyopita niliandika programu ya kuhesabu nauli kwa ajili ya chama kimoja cha matatu. Siku ya kuionyesha, nilisimama mbele ya wazee wa chama na tarakilishi yangu, nikabonyeza hapa na pale, wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema, "Kijana, umetuokoa."

Wiki ya kwanza barabarani ikafa. Simu za makondakta zilikuwa na vioo vilivyopasuka. Mtandao ulipotea njiani. Kondakta ana mkono mmoja kwenye mlango na mwingine una pesa. Mkono wa tatu wa kubonyeza simu hana. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kwenye maonyesho yangu. Nilikuwa nimethibitisha kwamba programu inawezekana. Sikuwa nimethibitisha kwamba inaweza kuishi. Yale makofi yalinidanganya kwa muda mrefu, na kusema kweli ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma historia za magari ya mfano. Nilitaka kujua kama ni mimi peke yangu.

Si mimi peke yangu.

Nyayo, Kasarani na magari matano

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, hata kama halitakuwa la kupendeza wala la kasi. Wakafanya kazi. Yakatoka magari matano ya mfano, yakaitwa Nyayo Pioneer, na lilipopimwa lilifika kasi ya kilomita 120 kwa saa. Mwaka 1990 yalizinduliwa kwa shangwe katika uwanja wa Kasarani.

Tumezoea kulicheka gari la Nyayo. Mimi siku hizi silicheki. Wahandisi wale waliombwa gari linalotembea na wakaleta gari linalotembea, wakiwa na vifaa vya wakati ule na bila kiwanda. Walichokosa kilikuwa kile kinachofuata. Shirika la Nyayo Motor liliundwa ili kuyatengeneza kwa wingi, pesa hazikupatikana, na hakuna hata moja lililofika sokoni. Shirika likabadilishwa likawa Numerical Machining Complex, linalotengeneza vipuri vya chuma kwa viwanda vya humu nchini.

Angalia mfanano. Hypercar ikawa Fiberforge, Nyayo Motor ikawa Numerical Machining Complex. Marekani yenye pesa zote na Kenya isiyokuwa nazo, zote mbili zilianza na gari zima na zikaishia kwenye namna ya kutengeneza vipande.

Gari lililoanzia Kilifi

Hili la pili ni la jirani kabisa. Mwaka 2009 Mwingereza Joel Jackson alikuwa akifanya kazi na shirika la kilimo cha miti linaloshirikiana na wakulima wadogo hapa kaunti ya Kilifi. Aliona shida tunayoijua sote: barabara za ndani ni mbovu, na magari ya kuzimudu ni ghali mno. Wazo lake likawa kampuni ya Mobius.

Mobius hawakushika nyuzi za kaboni wala haidrojeni, lakini swali lao lilikuwa ndugu wa lile la Revolution: ni vitu gani gari linaweza kuishi bila kuwa navyo? Fremu yao ilikuwa ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, kazi ambayo fundi wa jua kali anaielewa akiiona. Matoleo ya kwanza ya Mobius II hayakuwa na vioo vya pembeni wala kiyoyozi. Bei ilitangazwa chini ya shilingi milioni moja.

Hawa walifika mbali kuliko Nyayo. Magari yaliuzwa, na mengine nimeyaona kwa macho yangu. Lakini bei ikapanda toleo baada ya toleo, vitu vilivyotolewa vikarudishwa kwa sababu wanunuzi walivitaka, na adui mkubwa hakuwa mhandisi mwenzao. Adui alikuwa gari la mtumba kutoka Japani linaloshushwa bandarini Mombasa likiwa na vioo, redio na kiyoyozi, na vipuri vyake vimejaa kila mji. Mwezi wa Agosti 2024 kampuni ilitangaza kwamba inafungwa kwa kulemewa na madeni, kabla ya kupatikana mnunuzi wa kuichukua.

Kulemewa, wasomaji wangu. Nundu ile ile, ila safari hii haikuwa ya chuma.

Waganda walifanya nini tofauti?

Jirani zetu nao wana kisa chao. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walishiriki katika mradi wa kimataifa ulioongozwa na wanafunzi wa MIT ya Marekani, uliotoa gari la mfano liitwalo Vision 200, likaonyeshwa Torino, Italia, mwaka 2008. Waliporudi nyumbani walijiuliza kwa nini wasitengeneze lao. Chini ya Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na mhandisi Paul Isaac Musasizi, Novemba 2011 Kiira EV ikatembea Kampala: gari dogo la umeme la watu wawili. Mwaka 2014 ikafuata Kiira EV Smack, saluni ya mseto wa umeme na petroli. Februari 2016 likaja basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa.

Umeona walivyogeuka? Walianza na gari la watu wawili, wakaishia kwenye basi. Gari dogo linashindana na mtumba wa Japani, na vita hivyo Mobius walivionja. Basi lina mnunuzi anayepiga hesabu ya mafuta kila jioni, linarudi stendi ile ile kila siku, na linaweza kuchajiwa hapo hapo. Kampuni ya Kiira Motors ipo hadi leo, kiwanda chake kiko Jinja, na mabasi ya umeme ndiyo yaliyoipa njia.

Safari yao imekuwa ya polepole na wako Waganda wanaoilalamikia. Lakini walifanya jambo ambalo mimi na programu yangu ya nauli hatukulifanya: walisikiliza barabara.

Haidrojeni leo, na Mariakani

Turudi kwenye haidrojeni. Haikufa. Hyundai ilianza kutoa ix35 ya haidrojeni mwaka 2013, na Toyota ikaanza kuuza Mirai huko Japani Desemba 2014. Ni magari mazuri yanayotembea kweli. Lakini yanahitaji vituo vya kujazia gesi vyenye presha kubwa sana, na vituo hivyo ni ghali na ni vichache hata katika nchi tajiri.

Kuna na hesabu nyingine isiyokwepeka. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kwa kupasua maji, pamoja na kuibana, kunakula takriban yuniti 55 za umeme. Kilo 3.4 za Revolution zingekuwa yuniti 187. Gari la betri la kawaida kwa umbali ule ule wa kilomita 530 lingetumia kama yuniti 85 hadi 100. Yaani haidrojeni inataka karibu umeme mara mbili kwa safari ile ile, tena hapo nimelipa gari la haidrojeni faida ya kuwa jepesi na la betri nikaliacha na uzito wake.

Sasa tazama jambo la kuvutia. Mwaka 2013 BMW ilianza kuuza i3, gari la umeme ambalo sehemu ya abiria ilikuwa ya nyuzi za kaboni, karibu na alivyohubiri Lovins. Pamoja na betri yake lilikuwa na uzito wa kama kilo 1,200. Liliuzwa hadi mwaka 2022, na yalitoka kiwandani mengi, zaidi ya laki mbili. Kwa maneno mengine, wazo la Revolution lilikuwa na mguu wa wepesi na mguu wa haidrojeni. Mguu wa wepesi ulifika sokoni peke yake, ukiwa umepanda betri.

Na sisi? Septemba 2023, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Afrika uliofanyika Nairobi, Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani. Nimefurahi kuona kwamba mkakati huo hautangulizi magari. Unatanguliza mbolea. Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa amonia, amonia hutengenezwa kwa haidrojeni, na sisi tunaagiza mbolea kutoka nje kila msimu. Hapo haidrojeni haishindani na betri, kwa sababu huwezi kurutubisha shamba la mahindi kwa betri.

Umeme wenyewe upo karibu kuliko mnavyodhani. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwenye vyanzo visivyochafua hewa, na mvuke wa ardhini wa Olkaria ukiwa mbele. Ile njia kubwa ya umeme inayotoka bara kupitia Suswa na Isinya inaishia wapi? Hapa Mariakani. Nguzo zile ndefu zinazopita juu ya minazi na mashamba yetu zinabeba, pamoja na mengine, mvuke wa Naivasha. Na si mbali na hapa, kiwanda cha AVA cha Mombasa kimekuwa kikiunganisha magari tangu miaka ya 1970, na ndipo mabasi ya umeme ya BasiGo yalipounganishwa kabla ya kazi hiyo kupanuliwa kwingine.

Kwa hiyo siku atakapokuja mtu hapa Mariakani na gari zuri la mfano, liwe la haidrojeni, la betri au la maji ya madafu :-) tusimpigie makofi haraka, na tusimcheke pia. Tumpeleke kwenye mizani. Tumuulize: Gari lako tupu lina kilo ngapi? Litajazwa wapi, na yuniti ngapi za umeme zitaingia ndani ili litembee kilomita 100? Likivunjika Samburu au Taru usiku, kipuri kitatoka wapi? Nani atalinunua badala ya mtumba? Na ukishindwa kutengeneza gari zima, ni kipande gani tutabaki tukijua kukitengeneza?

Swali la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Wanafunzi kadhaa wa chuo cha ufundi waliniuliza majuzi kama ni ujinga kuota gari la Kenya baada ya yote yaliyotokea. Niliwajibu hapana, kisha nikawaonyesha hesabu hii ya Nyayo, Hypercar, Mobius na Kiira. Mmoja wao, mchomeleaji, akanyamaza kidogo akasema, "Basi mimi nianze na fremu ya tuktuk iliyo nyepesi kuliko hizi." Sikuongeza neno. Wiki hii amenitumia picha ya fremu hiyo ikiwa juu ya mizani ya kupimia magunia ya mahindi.

Anasema amepunguza kilo 11. Ataanza kuibebesha mizigo Jumatatu, kwenye barabara ya vumbi, si kwenye ukumbi. Nitawaletea habari yake, iwe imeshika au imevunjika.

Hadi wakati huo, kwaherini.